Maji Hushuka, Fedha Haipandi

Tembo, dola 15,000. Twiga, dola 15,000. Simba, 4,900. Nyati, 1,900. Pundamilia, 1,200. Nyumbu, 650. Swala pala, 390.

Dereva wa malori aliyezoea njia ya Mikumi anazijua bei hizi. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na anayegonga mnyama hulipia. Bei zenyewe zimo katika kanuni za kuthaminisha nyara, Tangazo la Serikali namba 207 la mwaka 2012, na ndizo hizo hizo anazosomewa jangili akifikishwa mahakamani. Mimi nilizijulia kwa swala. Ilikuwa usiku, Doma tumeshaiacha nyuma, nimebeba mabati ya Tunduma, na swala akakatiza kutoka kushoto akiwafuata wenzake waliokwisha kuvuka. Dola 390, kwa kiwango cha wakati ule, ni zaidi ya laki sita. Tajiri alilipa, kisha akawa anazikata kwenye posho yangu safari hadi safari.

Askari aliyenijazia karatasi alikuwa mtu mpole, na mwandiko wake mzuri. Nikamuuliza, "Afande, na huyu akiwa hai ni shilingi ngapi?"

Akacheka. "Akiwa hai hana bei, dereva. Akiwa hai ni wa Watanzania wote."

Jibu hilo ndilo lililonitoa kwenye usukani, ingawa lilichukua muda kufanya kazi yake. Leo nipo nyumbani Mamboya, nimekaa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, na kazi yangu kubwa ni kupiga hesabu ambazo zamani nikizisikia nilikuwa nazicheka.

Asiyeijua Mamboya aelewe kwamba si porini kama jina la wilaya ya Kilosa linavyowajia watu wa mjini. Misafara ya kutoka pwani kwenda bara ilipita kwetu, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 wamisionari wa CMS wakajenga kituo hapa kabla sehemu nyingi za nchi hazijaona shule. Nyuma yetu imesimama Ukaguru. Wataalamu huihesabu kuwa mmoja wa milima 13 ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita kule Kenya, ikapita Pare na Usambara, Nguru na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge. Hata kile kilima cha Malundwe ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambacho madereva tunakipita bila kukitazama, kimo katika hesabu hiyo.

Sisi Wakaguru tulikuwa na namna mbili tu za kuuzungumzia msitu. Wazee waliuona kuwa mali ya waliotutangulia: mvua ikichelewa, ukoo wenye ardhi unapanda na pombe na kuku, wanafanya tambiko, na habari ya bei haimo kabisa. Vijana tuliona gunia la mkaa, ubao wa mninga, au shamba jipya la maharage. Kati ya namna hizo mbili hapakuwa na ya tatu. Wakija watu wa semina kutuambia kuwa mazingira yana thamani kiuchumi, tulisaini karatasi ya mahudhurio, tukala, tukaondoka. Mimi binafsi niliamini kwamba anayetaka kuupangia mlima bei ana mpango wa kuununua.

Kilichonigeuza kilikuwa foleni.

Januari 2014 mvua ilipiga Ukaguru na Nguru kwa pamoja. Mto Mkundi, unaokusanya maji ya milima ya upande wetu, ukafurika Dumila na Magole, ukavamia nyumba na mashamba, ukalikata daraja. Barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikafungwa. Nilikuwa kwenye foleni hiyo, upande wa Dodoma, mbele yangu malori na nyuma yangu malori mpaka macho yanachoka. Jirani yangu alikuwa amebeba ng'ombe wa mnada wa Pugu. Kuna lililobeba vitunguu, kuna mabasi yenye watoto, kuna magari ya kutoka Rwanda na Burundi ambayo siku zao zinahesabiwa kwa dola. Madereva tukikaa pamoja tuna kawaida moja, tunapiga hesabu ya hasara. Huyu anasema tajiri anapoteza kiasi gani gari likilala, yule anataja posho, mwenye ng'ombe anasema wawili wameshalala na hawataamka. Akina mama lishe wa pale walikuwa wakipandisha bei ya sahani ya wali kila asubuhi, na hakuna aliyewalaumu.

Nikashuka hadi ukingoni. Maji yalikuwa mekundu, na wekundu ule niliujua. Ni udongo wa kwetu, ule unaong'ang'ania kwenye magoti ya suruali hata ukifua kwa Omo mara mbili. Yalikuwa yanapita na migomba mizima, mabua ya mahindi, na gogo moja lenye alama za shoka, limekatwa vizuri na mtu anayeijua kazi yake, ila hakuwahi kuja kulichukua. Nikasimama palepale. Watu mia kadhaa nyuma yangu walikuwa wakilipia mlima wa nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake.

Sitaki kutia chumvi. Mvua kubwa namna ile ingefurika hata kama milima yote ingekuwa na msitu wa kitabuni, na bonde la Kilosa lina historia ndefu ya mafuriko. Miaka minne kabla, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulivunja kingo na kuwaacha watu zaidi ya 20,000 bila makazi, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Miti haizuii gharika. Lakini inapunguza udongo unaoshuka na gharika, na ni udongo huo unaojaza mto na kuupandisha kitanda chake hadi mvua ya kawaida tu inautoa njiani. Hilo mkandarasi yeyote wa barabara atakwambia, tena kwa hasira.

Basi nikalikumbuka lile jibu la afande. Swala akifa ana bei, akiwa hai hana. Mti ukikatwa una bei ya ubao, ukichomwa una bei ya gunia, ukisimama hauna kitu. Mto nao tunafahamu thamani yake siku umeua. Nchi nzima tulikuwa tunajua bei ya mfu tu.

Niliporudi nyumbani mambo yalikuwa yamekwenda mrama. Kijito kinacholisha kitongoji chetu, ambacho utotoni hakikuwahi kukauka, sasa mwezi wa kumi kilikuwa kinatoa uzi wa maji. Juu yake, kwenye chanzo, kulikuwa na hoja mezani ya kugawa ekari kumi kwa vijana walime maharage. Hoja ilikuwa na haki ndani yake, vijana hawana ardhi. Mwenyekiti wa kitongoji akaniambia, "Wewe umetembea, sema neno." Nikaomba nipewe muda, nikakaa na mwalimu mstaafu tunayeheshimiana, nyuma ya hati ya mzigo ya zamani, tukaandika.

Hesabu yetu ilianzia Gairo, maana Gairo ni jirani na shida yake ya maji inajulikana na kila mtu. Nilishanunua maji pale, dumu la lita 20 kwa shilingi 500. Kaya ya kwetu inatumia madumu sita kwa siku. Hiyo ni 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 1,080,000. Kitongoji kina kaya 60. Tukizidisha tunapata shilingi milioni 64 na laki nane kwa mwaka, ndiyo gharama ya kununua kile ambacho kijito kinatuletea bure. Upande wa pili, ekari kumi za maharage, gunia nne kwa ekari mwaka ukiwa mzuri, gunia moja tuliweka 150,000. Jumla milioni sita, kabla ya kutoa mbegu, kibarua na dawa. Tena kwa misimu mitatu minne tu, kisha udongo unaisha na shamba linahamia juu zaidi.

Mwalimu akaitazama ile milioni 64 akatikisa kichwa. "Hii haitasimama," akasema. "Maji yakiwa shilingi 500, hakuna mtu hapa atakayenunua madumu sita. Watanunua mawili, na watoto wataoga Jumamosi."

Alikuwa ameligusa penyewe. Hii njia ya kukadiria, ya kuuliza kitu cha asili kingegharimu kiasi gani kama ungelazimika kununua mbadala wake, inatumiwa na wachumi dunia nzima, na udhaifu wake ni huo huo alioutaja mwalimu wa shule ya msingi ya Ukaguru. Tukaifuta. Tukahesabu upya kwa saa: kijito kikikauka, mto mwingine uko wapi, mwanamke na binti watatembea muda gani kwenda na kurudi, na saa hiyo wangekuwa wanafanya nini cha kulipwa, kupalilia kwa kibarua au kuuza mandazi. Jumla ikashuka sana, ikawa chini ya nusu. Bado ilikuwa inayashinda maharage kwa mbali, na safari hii hakuna aliyeweza kuipinga, kwa kuwa kila mwanamke mkutanoni alijua kibarua cha kupalilia ni shilingi ngapi.

Ekari kumi hazikugawiwa pale. Vijana walipewa eneo la chini, la kijiji, lililokuwa limekodishwa kwa mtu mmoja kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wenyewe, na mwenye kulikodi mpaka leo hanisalimii.

Tangu siku hiyo nikaanza kuwasoma watu niliokuwa nawacheka. Nikakuta kwamba kati ya 2007 na 2012 kulikuwa na utafiti mkubwa juu ya milima yetu hii hii, ukiitwa Valuing the Arc, ukifadhiliwa na Leverhulme Trust ya Uingereza, ukiwakutanisha wasomi wa Cambridge na York na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine cha Morogoro. Walipima maji, hewa ukaa, kuni, utalii. Walichokionyesha, kwa maneno yangu ya kidereva, ni kwamba mzigo unapakiwa mlimani na kushushwa mbali. Faida kubwa inamfikia anayefungua bomba mjini, mwenye mtambo wa umeme, na dunia inayopumua. Gharama inabaki kwa aliye karibu: nyani wanaomaliza mahindi, ardhi asiyoruhusiwa kulima, kuni asizoruhusiwa kukata.

Kabla yao, mwaka 1997, Robert Costanza na wenzake walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba huduma za asili duniani kote zina thamani ya dola trilioni 33 kwa mwaka. Niliposimuliwa habari hiyo niliuliza mnunuzi ni nani. Nauliza mpaka sasa. Bei ya dunia nzima haina kazi, maana hakuna dunia ya pili ya kukutolea risiti. Bei yenye kazi ni ile ya ekari kumi hizi dhidi ya kijito hiki, mwaka huu, mbele ya watu wanaofahamiana kwa majina.

Kuna mwanafunzi wa chuo aliwahi kuja kwetu na dodoso. Kijana mwenye adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akamkuta shangazi yangu anachambua maharage, akamwamkia, akakaa kwenye kigoda, akauliza, "Bibi, ungekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi ili msitu huu uendelee kuwepo?"

Shangazi akaacha kuchambua. "Nimlipe nani, mjukuu wangu?"

"Ni kwa mfano tu, bibi."

"Hata kwa mfano, mtu analipwa. Mume wangu alizima moto wa msitu huu mpaka akaungua mkono. Nimezuia mbuzi wangu. Sasa andika hapo: mimi nadaiwa, au nawadai?"

Kijana aliandika, sijui aliandika nini. Ila wachumi wenyewe wanajua kwamba hayo ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Muulize mtu atatoa kiasi gani ili asinyang'anywe kitu, atataja kilichomo mfukoni. Muulize apewe kiasi gani ndipo akubali kukiachia, atataja kingine kikubwa mara kadhaa, au atakufukuza. Kwa hiyo kabla hujaanza kupima umeshaamua jambo moja kubwa, ambalo ni nani mwenye mali. Masikini akiulizwa atalipa kiasi gani, msitu utaonekana rahisi kwa sababu yeye ni masikini.

Baada ya hapo nikayafuata maji. Naijua njia yake kwa magurudumu: yanashuka Ukaguru, yanaingia bonde la Wami, yanapita Dakawa kwenye skimu ya mpunga ya hekta 2,000 hivi, yanafika Wami Mandera ambako mradi wa maji wa Chalinze unayavuta kwa ajili ya miji na vijiji vya barabarani, halafu yanaingia baharini Saadani. Kote huko mtumiaji mkubwa anatakiwa awe na kibali na alipe ada kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ofisi yake iko Morogoro mjini. Hiyo ni sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, na ni sheria nzuri. Maana yake ni kwamba maji ya mlima wetu yana bei tayari, wala haikungoja mimi na mwalimu. Inalipwa kila mwaka, na kwa stakabadhi. Maji yanashuka, fedha haipandi.

Imewahi kupanda, hilo nalo niseme. Uluguru, kata ya Kibungo Juu, kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF waliendesha mpango ambao DAWASCO na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza, waliokuwa wakitegemea maji ya Ruvu kule Dar es Salaam, walichangia, na wakulima wa vijiji vya juu wakalipwa kwa kupiga makinga maji, kupanda miti shambani na kuacha kulima kandokando ya mito. Wazo lenyewe si la kwetu peke yetu. Jiji la New York mwaka 1997 lilikubaliana na watu wa milima ya Catskill, likawagharimia watunze vyanzo vyao, kwa kuwa kujenga mtambo wa kuchuja maji kungekula fedha nyingi zaidi. Tofauti ni kwamba New York walibanwa na sheria na waliandika kwenye bajeti ya jiji. Sisi tuliandika kwenye bajeti ya mradi, na mradi una tarehe ya kufunga.

Wilayani kwetu Kilosa kuna walioshika njia nyingine, nami nilikwenda kuwaona. Tangu 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa vijiji vyenye misitu, kwa fedha za Uswisi, walivisaidia vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe kuchoma mkaa kwa mpango. Msitu wa kijiji unapimwa, sehemu kubwa inabaki hifadhi, na sehemu ya mkaa inagawanywa vipande vya mita 50 kwa 50. Ukisimama kwenye ramani yao ni kama bao la drafti: kipande kinavunwa, cha pembeni yake kinaachwa, na ulichovuna hukirudii mpaka miaka 24 ipite. Visiki vinaachwa vichipue. Mchomaji analipa ushuru kwa kijiji, na kwa ushuru huo nikaonyeshwa majengo, madarasa na zahanati, yaliyojengwa bila kumpigia mbunge simu.

Nilimuuliza mchomaji mmoja, mtu mzima, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, kama haoni ajabu kuambiwa anahifadhi msitu kwa kuuchoma. Akaniambia zamani akiona moshi upande wa pili wa kilima alikuwa anageuka na kwenda zake. Siku hizi anapiga filimbi, kwa sababu anayechoma kule anachoma darasa. Maneno hayo niliyaandika. Bado ni bei ya mti uliokufa, lakini imewafanya waihesabu na ile iliyosimama.

Hewa ukaa ndiyo habari ya mjini sasa. Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vijiji vinane vimepata mabilioni ya shilingi kwa kutunza msitu wa Ntakata, na tangu kanuni za biashara ya kaboni zitoke 2022 haupiti msimu bila mgeni mwenye laptop kufika vijijini na mkataba. Aliyefika kwetu alizungumza vizuri, akaonyesha picha za Katavi. Nikamuomba mkataba kwa Kiswahili. Akasema utaletwa. Ulipoletwa ulikuwa wa miaka 30, na mahali pa kuonyesha kijiji kinapata asilimia ngapi palikuwa wazi, pajazwe baadaye. Tumeupeleka Sokoine, kwenye kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, watusomee. Hatuna haraka. Dereva hasaini hati ya mzigo ambayo tani hazijaandikwa.

Mtu wa mwisho kumshawishi alikuwa mjomba. Kwetu Wakaguru ukoo ni wa mama, mjomba ana neno kuliko baba, na huyu ndiye mwenye kichaka cha tambiko, ekari mbili tatu za miti mikubwa ambayo hata kuni zake zilizoanguka haziokotwi. Kamati ilitaka orodha kamili ya maliasili za kijiji na thamani yake. Nikaenda kwake jioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa. Umekuja kukipima?"

Nikamweleza: lengo si kuuza, lengo ni kikionekana kwenye karatasi kilindwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakoroga ugoro wake. "Ukishaweka bei," akasema, "umemwambia mtu akusanye fedha."

Sikuwa na jibu, kwa kuwa nilijua ni kweli. Nimewaona matajiri wa malori ambao swala wa Mikumi ameshaingizwa kwenye gharama za safari, mstari mmoja na tairi na mafuta. Faini iliyowekwa kumtisha dereva imekuwa nauli ya kupita. Na siku mwekezaji akija na kitita kinachozidi thamani tuliyoiandika sisi wenyewe, tutamwambia nini? Hesabu ni yetu, saini ni zetu.

Kwa hiyo kwenye daftari la kamati, mbele ya kichaka cha tambiko, safu ya thamani tumepiga mstari. Afisa aliyekuja kukagua akauliza kama hiyo ni sifuri, aiingize kwenye kompyuta yake sifuri. Tukamwambia hapana. Akasema programu haikubali kitu kingine. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mwisho akaandika kwa mkono pembeni: "Haithaminishwi kwa uamuzi wa kijiji." Ukiniuliza mimi, huo ndio mstari wenye kazi kubwa kuliko yote katika daftari lile, kwa sababu vitu vilivyobaki vyote vinaweza kujadiliwa bei.

Mimi siamini kila kitu kina bei, wala siamini kwamba kutaja bei ni kuuza. Naamini kijito kina gharama yake kikifa, na gharama hiyo lazima itajwe mapema, kwa sauti, mbele ya anayenufaika nacho. Chanzo tumekiwekea mita 60 ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inazitaja, vigingi vipo, na sheria ndogo imepita. Waliokuwa wanafyatua matofali kandokando ya maji wamehamishwa, isipokuwa mmoja ambaye kesi yake iko baraza la kata.

Kilichobaki ni upande wa chini. Tuliandika barua kwa ofisi moja inayokusanya fedha za maji, tukaambatanisha hesabu zetu na picha za vigingi, tukaomba sehemu ya ada irudi mlimani kutunza chanzo. Tulijibiwa kwa adabu kwamba hakuna kifungu cha bajeti cha jambo hilo. Mwalimu akaisoma barua mkutanoni, akaikunja, akasema barua hazina maji, tuwafuate wenye maji. Basi mwezi ujao, kabla ya msimu wa kupandikiza mpunga, tunakwenda Dakawa kuzungumza na wakulima wenyewe, mkulima kwa mkulima, tuwaonyeshe udongo unaojaza mifereji yao unatoka wapi na tungehitaji nini kuuzuia. Nauli tumechangishana. Shangazi amesema naye yumo, anataka kujua wao wa chini wanadaiwa au wanatudai, na ameshaagiza awekewe siti ya mbele.